Mwaka wa Maneno ya Mbele

Judithe alinipigia simu nikiwa sokoni Kashikishi, nimeinamia karai la chisense, vile visamaki vidogo vya ziwa letu vinavyoanikwa juani mpaka vinakuwa vyepesi kama maganda ya vitunguu. Aliniambia baba yake amefariki huko Ndola alikokuwa akiishi naye, na kwamba wameshamzika. Alisema kwa utaratibu, kama mtu aliyekwisha kuitangaza habari ile kwa watu wengi, kisha akasema kuna jambo anataka kuniuliza. Katika siku zake za mwisho mzee alikuwa akirudia neno moja ambalo hakuna aliyelielewa pale nyumbani. "Alikuwa anasema bez," Judithe akasema. "Bez, bez. Batoto balisema anaita mutu. Ni jina ya mutu?" Nikamwambia si jina la mtu, ni neno la Kibulgaria, maana yake ni bila. "Bila nini?" Nikamwambia sijui. Baba yake mwenyewe ndiye aliyenifundisha kwamba neno lile halisimami peke yake, lazima lifuatwe na kitu. Nikamuuliza kuhusu zile karatasi alizoandika baba yake. Akasema paa lilivuja msimu mmoja wa mvua, zikaoza ndani ya sanduku, wakazitupa zamani. Hakujua kama zilikuwa na maana. Tukaagana. Mteja aliyekuwa amesimama mbele yangu akauliza bei mara ya pili, nikamjibu, nikampimia, na siku ikaendelea.

Sitaeleza hapa jinsi nilivyovuka ziwa wala niliwaacha akina nani upande wa pili. Wengi wamevuka, na hadithi zao zinafanana na yangu. Inatosha kusema kwamba nilikuwa na miaka kumi na tisa, vita vilikuwa bado vinaendelea Kongo, na sikutaka kupelekwa makambini bara pamoja na wenzangu kwa sababu kutoka kule nisingeziona mashua zikifika. Nikabaki Nchelenge. Nililala wiki kadhaa kwenye kibanda nyuma ya kanisa, nikiwasaidia wanawake kuanika samaki, na muda wote huo hakuna aliyeniita kwa jina. Waliniita Mukongo. "Weye Mukongo, leta lile karai." Walikuwa watu wema, walinigawia chakula, lakini nakumbuka mchana mmoja nililitamka jina langu mwenyewe kwa sauti ya chini, Yumba, ili nisikie linavyosikika. Baadaye kidogo mama mmoja wa kwaya akaniambia kuna mzee Mukongo mwenzangu anayetafuta binti anayejua kusoma. Macho yake yanakufa, akasema. Atakupa chumba na chakula.

Huyo alikuwa Prefe Kalenga, baba yake Judithe. Kwetu Katanga mkuu wa shule ya sekondari tunamwita prefe, na jina hilo halimtoki mtu hata akiacha kazi. Yeye aliacha shule yake kwa mbio kama sisi wote tulivyoacha vyetu. Nyumba aliyopanga ilikuwa na vyumba viwili vya matofali ya udongo. Cha mbele kilikuwa na kitanda chake, kiti kimoja cha mbao chenye mikono, meza, na dirisha dogo linalotazama ziwa. Cha nyuma, kilichokuwa stoo ya mihogo mikavu, kikawa changu, na mpaka leo nikinusa mihogo iliyolowekwa namwona amekaa. Ukuta mmoja tulikuwa tunashirikiana na jirani, BanaChanda, mke wa mvuvi. Haukufika juu hadi kwenye bati. Pale juu paliachwa nafasi ya kupitisha mkono, kwa hiyo tulijua lini wanakula, lini mtoto wao ana homa, na wao walijua yetu.

Siku ya kwanza alinisikia mlangoni, akanyoosha mkono, akanipa karatasi. "Soma." Nikaitazama. Ilikuwa imepigwa kwa mashine ya taipu, kurasa nyingi zikafuata chini yake, na sikuweza kusoma hata mstari. "Prefe, hii alfabeti siijue." "Najua hauijue," akasema. "Leta kisahani ya unga." Akatandaza unga wa mihogo kwenye sahani, akaanza kuchora kwa kidole, polepole, akipapasa kingo asije akatoka nje. Hivyo ndivyo nilivyojifunza herufi za Kibulgaria, kwenye unga tuliokuja kuusonga bukari, ugali wetu wa mihogo, jioni. Ngumu hazikuwa zile ngeni. Ngumu zilikuwa zile zilizofanana na zetu lakini zinasema kitu kingine: ile kama B inatamkwa V, ile kama P ni R, ile kama H ni N. Nilizikosea mwezi mzima. Yeye hakukasirika. Alikuwa akitikisa unga, sahani inakuwa nyeupe, tunaanza upya.

Alinieleza kidogo kidogo. Akiwa kijana alipelekwa kusoma Sofia, mji mkuu wa Wabulgaria, akakaa huko miaka mingi, akajifunza Kibulgaria na Kirusi na kile Kislavoni cha kale ambacho leo kinasikika makanisani tu. Karatasi zile zilikuwa kazi yake ya udaktari: wapi yalitoka maneno madogo ya lugha za Kislavoni, yale yanayosema ndani, juu, kati, baada, bila, na jinsi yalivyobadilika. Alikuwa amebakiza sura moja. Mwaka huo serikali ya kule ikaanguka, pesa za wanafunzi wa kigeni zikakatika, akarudi Zaire na sanduku. Nyumbani hakuna aliyehitaji mtu anayejua mambo hayo, wakampa shule. Sasa macho yalikuwa yanazimika kwa presha, na alitaka kusikia alichokiandika kabla ya kumaliza sura ya mwisho. "Nani ataisoma, Prefe?" nilimuuliza, nikiwa mtoto bado, sijui kuchunga mdomo. Akafikiri. "Kwa sasa, weye," akasema.

Kwa hiyo nilisoma. Asubuhi baada ya kufagia, na tena jioni jua likiwa bado kwenye dirisha, nilisoma kwa sauti lugha nisiyoielewa, kwa mtu aliyefumba macho ambayo hata yakifumbuliwa hayakuona. Ni upweke wa namna yake, nami sijakutana nao tena: kusema kutwa nzima na usijue umesema nini. Mara nyingine uso wake ulibadilika katikati ya ukurasa, akatabasamu au akakunja midomo, na mimi niliyeyatoa maneno yale kinywani mwangu nilikuwa mtu wa mwisho kujua kwa nini. Nikaanza kumwonea wivu. Nikamwomba anieleze, angalau yale madogo.

Ajabu ni kwamba nilikuwa nimeshaanza kuyajifunza kwa njia nyingine, mezani. Mara ya kwanza nilipompakulia nilisema, "Bukari iko hapa, samaki iko pale," na yeye akacheka bila furaha. "Hapa ni wapi? Kwa mutu haone, hapa haina maana. Sema iko mbele ya nini, kando ya nini." Basi nikajifunza kusema: bukari mbele yako, samaki nyuma ya bukari, maji upande wa mukono wa kuume, sombe, kisamvu chetu, kati ya maji na samaki. Alikula kwa maneno hayo. Nikikosea neno moja, mkono wake uliingia kwenye mchuzi. Sijawahi tangu hapo kusema "pale" bila kujiuliza.

Neno la kwanza la Kibulgaria nililolielewa kweli ni mezhdu. Maana yake ni kati. Akaniambia kwamba zamani halikuwa neno la kuonyesha mahali, lilikuwa jina la kitu kabisa: ule ukanda wa majani usiolimwa, unaotenganisha shamba la mtu na shamba la jirani. Mpaka. "Na lile umbo lake ni la vitu viwili," akasema, ameinua vidole. "Ku mipaka mbili. Mutu alikuwa akisema niko ku mipaka mbili, kisha siku ikafika batu basahau shamba, ikabaki kati tu. Sasa weye, sema, siye mupaka tunaifanya nini?" Sikuelewa. "Unasema, nitangojea mupaka kesho. Mupaka asubui. Ni neno ileile! Bao balitoa kati, siye tulitoa mupaka kesho. Na hakuna aliyeiba kwa mwenzake." Alikuwa amesimama, amesahau kwamba hana fimbo mkononi. Nilimshika mkono nikamkalisha. Nami nilikuwa nimetoka kuvuka mpaka, nangoja mashua mpaka kesho, kila kesho, lakini hilo sikumwambia.

BanaChanda alinikamata kisimani. Alijua Kiswahili cha sokoni, na Kibemba changu kilikuwa cha kuokoteza. "Weye na muzee, kila siku sauti, sauti. Ni amapepo?" Mapepo! Niliapa mbele ya ndoo yake kwamba nyumbani kwa Prefe hakuna mapepo, hayajaingia hata siku moja, na hayataingia. Akarudi nyuma, ameshika kifua, akaondoka bila kunisaidia kujitwisha. Siku kadhaa nikasikia juu ya ukuta akimweleza mumewe kwa huzuni. Ni Prefe aliyenifumbulia, alipomaliza kucheka mpaka akakohoa: kwa Kibemba amapepo ni maombi. Jirani yangu aliuliza kama tunasali, na mimi nikamwapia kwamba katika nyumba ile hatujasali wala hatutasali. Nilienda kumwomba radhi kwa mchanganyiko wa lugha tatu. Hakunielewa vizuri, ila alinipa samaki wawili wabichi, na tangu hapo kila sauti yangu ilipopanda alisema kule upande wake, "Balepepa," wanasali, na nikaacha kumsahihisha.

Miezi ikapita. Mashua zilikuja kutoka kisiwa cha Chisenga na kutoka upande wa pili, nami nilishuka ufukweni kutazama nyuso, nikarudi. Katika kurudi hivyo siku moja nilikuta tumefika kwenye neno fupi kuliko yote, u. Leo maana yake ni kwa, kwa mtu, nyumbani kwake. Warusi wakitaka kusema nina mtoto wanasema kwangu yuko mtoto. Lakini Prefe alikuwa ameandika kwamba zamani sana, kabla ya maandishi, neno lile lilikuwa la kuondoka: mbali na, kutoka. "Wengine banabisha," akasema. "Miye naamini." Kisha nikamuuliza inawezekanaje neno la kuondoka liwe neno la kuwa nyumbani. Hakunijibu kama mwalimu. Alipapasa mkono wa kiti. "Polepole, mama. Batu banaisema kila siku, kila siku. Hakuna mutu anaona siku yenye inageuka." Sasa nina nyumba yangu hapa, watoto wangu wanaota ndoto zao kwa Kibemba, na nikijaribu kutafuta siku iliyogeuka siioni.

Tulimaliza kurasa zote kabla ya mvua. Siku ya kuanza sura ya mwisho alivaa shati jeupe, akaniomba nimnyoe. Nikakaa mezani na kalamu, tayari kuandika kwa herufi zake. Akafungua kinywa. Akasema neno, akasimama, akarudi nyuma, akajaribu jingine. Nilingoja. Kule nje mtu alikuwa anapasua kuni. Prefe alikunja paji la uso kama mtu anayevuta kamba yenye kitu kizito, na kilichotoka ni mezhdu, kisha pri, kisha bez, kisha kimya. Kesho yake vilevile, na siku iliyofuata. Nikisoma mimi, alielewa kila kitu. Akisema yeye, hakuna sentensi iliyokubali kusimama. Miaka yote hiyo hakuwa na mtu hata mmoja wa kuzungumza naye. "Yumba," akasema mwishowe, na uso wake ulikuwa umeelekea dirishani ingawa hakukuwa na faida, "vitu vyote vilienda. Majina, matendo, vyote. Vilibakia vidogo vya mbele tu." Nilisimama nikawasha babula, lile jiko la mkaa, nikachemsha maji ya chai ambayo hakuna aliyekuwa ameyaomba.

Jioni ile nilimwambia aseme kwa Kiswahili. Alikasirika, mara moja tu katika mwaka mzima. "Kazi kama ile? Kwa Kiswahili ya Katanga? Nani anaandika prédlozi mu Kiswahili?" Akakaa siku nyingi bila kuniomba nisome, na nyumba ikawa kimya hata BanaChanda akauliza kama mzee anaumwa. Nilijifunza hapo kwamba kuwa wawili ndani ya kimya ni kuzito kuliko kuwa peke yako. Kisha, tukiwa tunakula, mkono wake bado una bukari, akasema, "Andika." Nikanawa haraka nikaandika.

Sasa najua kwamba vitabu vya shule vina neno la hizo prédlozi, kihusishi. Kiswahili hiki ninachoandikia nilikipata baadaye, kwa wafanyabiashara wa Tanzania na kwa redio. Sisi hatukukijua. Tuliyaita maneno ya mbele, kwa sababu hata Kibulgaria kinasema hivyo, kitu kilichowekwa mbele. Vile viishio vya majina tuliviita mikia. Akasema niandike kwamba zamani za Waslavoni jina lilikuwa na mkia, na mkia peke yake ulitosha: ukitaka kusema uko mjini fulani ulibadilisha mkia wa jina la mji, basi, kama watu wa pwani wanavyosema nyumbani. Maneno madogo yalikuwepo lakini yalikuwa hayana mwenyewe, yanatangatanga ndani ya sentensi, leo karibu na tendo, kesho karibu na jina. Polepole yakakaa mbele ya majina. Yalipokaa, mikia ikaanza kulegea, na Wabulgaria wakaikata karibu yote, maneno ya mbele yakabeba mzigo mzima. "Kama siye," nikasema. "Siye tunasema mu nyumba, ku nyumba, pa nyumba." "Andika na ile," akasema. Tuliandika hivyo wiki baada ya wiki, mimi nikiuliza, yeye akijibu, na kwa mara ya kwanza nilikuwa naelewa kila neno nililolitia kwenye karatasi.

Judithe alikuja kutoka Ndola na lori la samaki, kumchukua baba yake. Alikuwa mwanamke aliyechoka, mwenye sauti ya upole, na aliponikuta nje nasafisha sufuria hakunizungusha. "Dada, nakushukuru sana. Lakini nyumba yangu ni kadogo, batoto banalala mu saloni. Nitamubeba Papa tu." Nilimwambia naelewa, na nilielewa kweli, sikuwa na haki ya kudai kitu. Lori lilikuwa linapakia na lingeondoka kesho. Prefe aliposikia aliuliza swali moja tu: tumebakiza neno gani? Bez, nikamwambia. Asubuhi, Judithe akifunga nguo kwenye shuka, tukaliandika. Aliniambia mwanzoni kabisa lilikuwa na maana ya nje. Aliye bila kitu alikuwa tu nje ya kitu, nje ya nyumba, nje ya boma. Kitu chenyewe kipo, ni yeye yuko upande mwingine. "Na siye tunasema pasipo," akasema, "mahali hakuna. Kwetu ni mahali njo hapana kitu. Kwao ni mutu njo iko inje." Akafikiri kama kuna la kuongeza. "Weka pointi," akasema. Nikaweka nukta. Sura ilikuwa imekwisha.

Nilimwongoza mwenyewe. Kizingiti mbele ya mguu, Prefe. Jiwe upande wa kushoto. Mulango wa lori juu ya goti yako, inua mguu. Akapanda. Alipokaa alinyoosha mkono hewani, nikausogelea, akaniwekea kichwani. "Yumba," akasema. "Bakia muzuri, mama." Karatasi zote zilikuwa kwenye sanduku chini ya miguu yake. Dereva akawasha.

Nilirudi ndani nikafagia. Nikasonga bukari, na mkono wangu ulizoea kipimo cha watu wawili, ikatoka nyingi. Sikuweza kula. Jua lilikuwa bado kwenye dirisha, saa yetu ya kusoma, nikakaa kwenye kiti chake. Sikuwa na karatasi hata moja, lakini ukurasa wa kwanza nilikuwa nimeusoma mara nyingi mno, nikaanza kuusema kwa kichwa, kwa sauti ileile niliyomzoesha. Sikuwa nimefika mbali mlango ukasukumwa. Ni BanaChanda, na bakuli la samaki wa mchuzi mikononi, lililojaa, la kutosha watu wawili. "Nasikia amapepo, nikasema muzee hakuenda," akasema, akichungulia kitandani. Kitanda kilikuwa kamba tupu. Alinitazama pale kitini, aibu ikamshika, au ilinishika mimi. Akaweka bakuli mezani, akatoka.

Kisha nikamsikia upande wa pili wa ukuta, akimwambia mumewe. Kibemba changu kilikuwa kimetosha kwa maneno machache kama yale. "Ali eka," alisema. Yuko peke yake. Mumewe akajibu kitu ambacho sikukipata. Kijiko kikagonga sufuria. Nikatazama bakuli lake mezani, na nadhani walijua nawasikia.

"Mukongo!" BanaChanda akaita kwa juu, pale ukuta usipofika kwenye bati. Kisha akajirudi, nikamsikia akitafuta jina langu, pengine alikuwa amelisikia kwa Prefe siku nyingi bila kulitumia. "Yumba! Isa kuno."

Njoo huku. Nikachukua bakuli lake, nikaweka bukari yangu juu ya sahani, nikatoka nje, nikazunguka nyumba.